"Kuchimba Dawa": Maana za Kubuni na Historia ya Msemo wa Safari katika Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Utingo wa basi la masafa marefu akitangaza kwamba gari litasimama dakika tano ili watu wachimbe dawa, hakuna abiria anayeshuka na jembe. Wanaume huelekea upande mmoja wa barabara, wanawake upande wa pili, na baada ya muda mfupi kila mmoja hurudi kitini mikono mitupu. Msemo huu, unaotumika kwa maana ya kwenda haja porini, umeenea Tanzania nzima. Hata hivyo, katika barabara itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Ngorongoro, umepata maisha ya namna yake. Huko hutamkwa mbele ya wageni wasiojua Kiswahili, nao hutaka kuelezwa: ni dawa gani hiyo, na huchimbwa wapi? Majibu yanayoweza kutolewa, na yale ambayo majibu hayo yanatufunulia, ndiyo mada ya mhadhara huu.

Majibu hayo aghalabu ni ya mzaha. Anayeeleza hana haja ya kufungua kamusi. Hutazama maneno mawili yaliyo mbele yake, *chimba* na *dawa*, kisha akayatungia kisa kinachoyaunganisha. Wanaisimu huyaita maelezo ya aina hii etimolojia ya watu, na wengi wao huyaweka kando upesi ili watafute asili ya kweli ya neno. Mhadhara huu unatetea msimamo kwamba hapa kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni hili: neno limetoka wapi? La pili: kwa nini watu wamelieleza hivyo? Maana ya kubuni huweza kushindwa kabisa katika swali la kwanza na bado ikawa shahidi mwaminifu katika swali la pili. Hasara hutokea pale shahidi wa swali la pili anaposimamishwa kujibu la kwanza.

2.0 Barabara na Lugha Zake

Ni sehemu chache barani Afrika ambapo lugha za nasaba mbalimbali zimekaribiana kama zilivyokaribiana katika nyanda za Karatu na Ngorongoro. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatooga na Wamaasai husema lugha za Kinilo zilizo tofauti kiasi cha kutoelewana. Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao lugha yao ina sauti za vidoko na haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Upande wa kaskazini, ndani ya Wilaya ya Ngorongoro, wapo Watemi, waitwao pia Wasonjo, ambao lugha yao ni ya Kibantu.

Mkusanyiko huu una historia yake. Wadatooga walilisha mifugo katika kreta ya Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwaondoa katika karne ya 19. Chini ya utawala wa Wajerumani walowezi walijenga mashamba ndani ya kreta yenyewe, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba ya kahawa yalienea katika miteremko ya Oldeani. Wairaqw nao walipanuka kutoka milima ya Mbulu hadi Karatu katika karne ya 20. Mwaka 1959 Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika miaka ya 1990 Karatu ilimegwa kutoka Mbulu ikawa wilaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami ilifika katika lango la Ngorongoro, na mji wa Karatu, ambao zamani ulikuwa kituo cha wakulima na wachuuzi, ukawa mahali pa kulala watalii na madereva wao.

Katika mazingira haya Kiswahili kilikuwa lugha ambayo karibu kila mtu aliikuta barabarani, sokoni, shuleni au shambani kwa mwajiri. Kwa hiyo mtu wa Karatu amezoea kuishi katikati ya majina asiyoyaelewa. Mkulima wa Kiiraqw hupita mahali penye jina la Kimaasai, dereva wa Kichaga huelekea penye jina la Kidatooga, na kila mmoja huuliza maana yake kwa Kiswahili. Maana isipopatikana kwa mwenye lugha, hutungwa na msikilizaji. Hapo ndipo mahali pa kuanzia kwa anayetaka kuelewa mzaha wa maneno katika nyanda hizi.

3.0 Desturi ya Kubuni Maana

Kubuni maana hakukuanzia Karatu. Watanzania wamekuwa na desturi ya kuvifumua vifupisho na maneno mageni, kisha kuyashona upya kwa Kiswahili. Kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia kilijulikana kwa herufi FFU zilizotokana na jina lake la Kiingereza. Raia wakazisoma "Fanya Fujo Uone". Ugonjwa uliogunduliwa kwa wagonjwa wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983 ulifika na herufi AIDS. Vijiweni zikafumuliwa kuwa "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Hakuna aliyedhani kwamba maelezo haya ndiyo asili ya herufi hizo. Lakini mwanahistoria atakayeyapuuza atakuwa ametupa ushahidi wa namna raia walivyoliona rungu la dola, na namna kizazi kimoja kilivyojaribu kucheka mbele ya kifo.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, kwa kuwa ndani yake mzaha umesahau kwamba ni mzaha. Neno *machinga*, linalomtaja mchuuzi mdogo anayetembeza bidhaa, limekuwa likielezwa kwamba eti limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vijana wanaokwenda mwendo wa gwaride. Maelezo hayo yanachekesha, tena yanaafikiana na picha ya kijana anayezunguka mjini kutwa na mzigo begani. Lakini Wamachinga ni jamii halisi ya kusini mwa Tanzania, katika eneo la Lindi, na vijana kutoka huko walikuwa miongoni mwa waliojulikana kwa uchuuzi huo jijini Dar es Salaam. Aliyebuni gwaride aliyaona matembezi ya mchuuzi vizuri sana. Alichokifuta, pengine bila kukusudia, ni historia ya watu waliosafiri kutoka kusini kutafuta riziki.

Mifano hii mitatu inatupa kipimo. FFU na AIDS zilifumuliwa na watu waliojua kwamba wanatania. Msikilizaji naye alijua. Machinga limefumuliwa kwa namna inayofanana na elimu. Tofauti baina ya mizaha hii iko katika makubaliano kati ya msemaji na msikilizaji, wala haimo katika maneno yenyewe. Makubaliano hayo yakivunjika, mzaha hugeuka kuwa habari.

4.0 Maelezo Matatu ya "Kuchimba Dawa"

Lugha ya madereva wa watalii ni lugha ya kuficha. Mgeni anaweza kutua nchini akiwa tayari analijua neno *simba*, hivyo dereva anayelitamka katika redio ya upepo huamsha matumaini ya gari zima hata kama mnyama yuko mbali. Ndiyo maana simba akaitwa *sharubu*. Chui na duma wote wana madoa, lakini chui hupenda kukaa mtini na duma huonekana ardhini. Kwa hiyo kukawa na *madoa juu* na *madoa chini*. Misimu hii ni ya kazi. Ina kazi ya kupeana habari bila kumpa mgeni ahadi isiyoweza kutimizwa.

"Kuchimba dawa" una tabia iliyo kinyume cha hiyo. Msemo huu huficha jambo ambalo kila mmoja analijua. Kwa upande huo ni tafsida, na Kiswahili kina hazina kubwa ya tafsida katika jambo hili: kwenda haja, kujisaidia, kwenda msalani, kwenda maliwatoni. Lakini tafsida hizo zina adabu tupu, hazichekeshi. "Kuchimba dawa" hutimiza adabu na papo hapo humkaribisha msikilizaji acheke. Aliyerudi kutoka kichakani aweza kuulizwa kama dawa imepatikana, naye akajibu kuwa imepatikana tele, bila mmoja wao kuvunja heshima. Hata mkwe na mkwewe waweza kusafiri pamoja na msemo huu ukatamkwa kati yao, jambo ambalo lisingewezekana kwa maneno ya wazi.

Maelezo ya asili yake yanaweza kupangwa katika makundi matatu. La kwanza ni la mganga. Mchimba dawa huondoka njiani peke yake, haagi anakokwenda, huinama nyuma ya kichaka, na si adabu kumfuata wala kumchungulia. Msafiri aliyebanwa na haja hufanya vivyo hivyo. La pili ni la nafuu: aliyebanwa ni kama mgonjwa, na akishajisaidia huwa amepona, dawa basi ni nafuu yenyewe. La tatu ni la shimo: mtu porini huchimba kishimo na kukifukia, hivyo kuchimba ni kuchimba kweli, na dawa ni kejeli tu.

Maelezo haya matatu yakipimwa kwa sarufi na matumizi, hayasimami sawasawa. Lile la nafuu linachekesha kuliko yote, lakini linakwama kwenye kitenzi. Mwenye kupata nafuu kwa Kiswahili hupata dawa, hunywa dawa au hutumia dawa, hachimbi. Kama nafuu ndiyo ingekuwa chanzo, kitenzi *chimba* kingekuwa kimeingia bila mwaliko. Lile la shimo linakwama kwenye matumizi, kwa sababu msemo hutumika zaidi kwa haja ndogo, isiyohitaji shimo. Na utingo anapotoa dakika tano hakusudii watu waanze kufukua ardhi.

Linabaki lile la mganga. Uzito wake unatokana na jambo moja la wazi: katika maisha ya Waswahili na majirani zao, dawa huchimbwa. Neno *dawa* ni la asili ya Kiarabu, lakini kazi inayotajwa ni ya kale zaidi kuliko neno. Dawa nyingi za kienyeji ni mizizi, na mizizi hutoka ardhini. Kwa hiyo "kuchimba dawa" ulikuwa usemi wa kawaida, wenye maana yake ya kawaida, ambao msafiri mcheshi angeweza kuuazima bila kubadilisha hata silabi moja. Ulinganisho na misimu mingine ya *chimba* unasaidia. Katika "kuchimba mkwara" na "kuchimba biti", yaani kutisha mtu, kitenzi kimeacha ardhi kabisa na kimeshikamana na nomino isiyochimbika. Katika "kuchimba dawa" kitenzi kimebaki na yambwa wake halali. Kilichobadilika ni hali ya msemaji, ambaye sasa anasingizia kazi ya mtu mwingine.

Hapa ndipo maana ya kubuni inapojibu swali la pili. Ili usingizio huu ueleweke, lazima msikilizaji awe anaujua uchimbaji wa dawa na kuustahi kiasi cha kutouliza maswali. Mzaha umejengwa juu ya heshima. Jamii isiyojua mizizi isingepata kitu cha kuchekea.

5.0 Samunge, 2011: Maana Mbili Zinakutana

Mwaka 2011 msemo huu ulikutana na maana yake ya awali katika Wilaya ya Ngorongoro yenyewe. Katika kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyefahamika kwa jina la Babu, alianza kupata umaarufu kwa kutoa kikombe cha dawa kwa bei ya shilingi 500. Dawa hiyo ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga. Watu walifika kutoka kila pembe ya Tanzania na kutoka nchi jirani, wengine kwa helikopta, wengi kwa mabasi na malori yaliyopita Mto wa Mbu na kuendelea kaskazini katika njia ya vumbi. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na wapo waliosubiri kwa siku kadhaa porini, wakiwamo wagonjwa mahututi waliofia njiani.

Kwa miezi hiyo usemi mmoja ulikuwa na wamiliki wawili katika eneo lile lile. Waliochimba mizizi kwa ajili ya sufuria za Babu walichimba dawa kwa maana ya asili. Waliokaa foleni bila vyoo walichimba dawa kwa maana ya utingo. Kiswahili hakikuyumba hata kidogo, kwa kuwa muktadha uliwaambia watu ni uchimbaji upi unaotajwa. Aidha, maneno mengine yalipata maana mpya: *kikombe* peke yake kikaeleweka nchini kote kuwa ni tiba ya Samunge, na "kwenda kwa Babu" kukawa safari isiyohitaji maelezo.

Tukio hilo linafundisha jambo ambalo kicheko huweza kulificha. Mzizi uliokuwa kisingizio cha mzaha ulikuwa pia tumaini la mwisho la maelfu ya watu, na miongoni mwao walikuwamo walioacha dawa za hospitali wakitegemea kikombe. Masapila alifariki Julai 2021. Msemo wa utingo unaendelea, na kila unapotamkwa unakumbusha, kwa anayesikiliza vizuri, kwamba dawa ya porini kwa watu wengi haijawahi kuwa mchezo.

6.0 Mzaha Unapovaa Joho la Elimu

Swali la nani ana haki ya kueleza neno lina uzito wa pekee katika nyanda hizi, kwa sababu majina yake mengi yamepita mikononi mwa wasioyajua. Bonde ambalo dunia nzima inaliita Olduvai lina jina la Kimaasai, Oldupai, ambalo ni jina la mkonge mwitu unaoota hapo. Umbo la Olduvai linahusishwa na ziara ya mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, mwaka 1911, na kosa la sikio moja likaingia katika vitabu vya sayansi. Wadatooga wanajulikana kwa Kiswahili kama Wamang'ati, jina litokanalo na neno la Kimaasai lenye maana ya maadui. Wawindaji wameitwa Wandorobo, kutokana na neno la Kimaasai la kuwataja maskini wasio na ng'ombe. Katika kila jina kuna msemaji aliyekuwa akimtazama mwingine kwa mbali, na mara nyingi kwa dharau.

Jina la Ngorongoro lenyewe huelezwa kwamba huiga mlio wa kengele za ng'ombe. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, na mgeni aliyesimama ukingoni akitazama chini kreta yenye kina cha mita 600 hivi hana sababu ya kuyakataa. Lakini mwanafunzi wa lugha anapaswa kukumbuka machinga. Kupendeza kwa maelezo na kulingana kwake na picha iliyo mbele ya macho si uthibitisho. Uthibitisho hutafutwa katika umbo la neno, katika lugha za watu waliokaa mahali hapo kabla, na katika kumbukumbu za wazee wao.

Kumbukumbu hizo hazitabaki mahali pake milele. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za wafugaji wa Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa Serikali ambao baadhi ya wakazi wameukubali na wengine wameupinga. Lolote liwalo la siasa yake, kwa isimu maana yake ni moja: mzee anayejua kwa nini kijito fulani kinaitwa hivyo anapokaa mbali na kijito chenyewe, mjukuu wake hatapata nafasi ya kuuliza akiwa amesimama ukingoni. Pengo hilo halitabaki tupu. Litajazwa na yeyote atakayepita akiwa na kisa kizuri.

7.0 Hitimisho

Wajibu wa mtunga kamusi unafuata kutoka hapo. Tangu *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya mwaka 1981, na matoleo yake ya 2004 na 2013, leksikografia ya Kiswahili imezidi kuipa nafasi lugha ya matumizi ya kila siku. Msemo kama "kuchimba dawa" unastahili kuingizwa kwa maana zake zote mbili, ile ya kwanza bila alama na ile ya pili ikiwa na alama ya tafsida na ya msimu. Maelezo ya nafuu na ya shimo hayana nafasi katika sehemu ya asili ya neno. Yanastahili kukusanywa kwingine, kwa tarehe, mahali na aina ya msemaji, kama zinavyokusanywa vitendawili na methali.

Mwanafunzi atakayekaa kituo cha mabasi cha Karatu na daftari atasikia maana nyingi za maneno mengi, nyingine za kweli na nyingine zilizotungwa asubuhi hiyo hiyo. Anapaswa kuziandika zote, na pembeni ya kila moja aandike nani aliisema, kwa nani, na kama wawili hao walicheka. Hilo la mwisho laweza kuonekana dogo. Lakini kicheko ndicho alama ya kwamba makubaliano bado yapo, na kizazi kijacho kisipoikuta alama hiyo katika daftari kitauchukua mzaha wa leo kuwa historia.